Mimi mgeni kabisa wa muziki wa metali, nianzie bendi gani na albamu ipi?

FundiMageti
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha, pale karakana redio haizimwi na kawaida yetu ni singeli au dansi la zamani. Sasa wiki iliyopita dogo mmoja anayejifunza kazi kwetu kaunganisha simu yake kwenye spika akaweka ngoma ya metali, wenzangu wakaanza kulalamika atoe ila mimi nikasema acha kwanza iishe, lile gitaa lilinishika mpaka nikasimamisha kazi. Dogo mwenyewe jina la bendi halijui, alitumiwa tu. Nimejaribu kutafuta mwenyewe nikakutana na mtu ananguruma kama anakabwa, hapo sikuelewa kitu. Naombeni mnielekeze, bando langu linatosha albamu mbili tatu tu. Halafu mama watoto kasikia kidogo akasema huo muziki wa shetani, ni kweli?

besi_nne
Karibu sana mkuu. Anza na Black Sabbath, albamu inaitwa Paranoid, ya 1970, na kwa kazi yako wewe utawaelewa haraka kuliko wengi. Mpiga gitaa wao Tony Iommi alikuwa anafanya kazi kiwanda cha vyuma huko Birmingham, Uingereza, ana miaka 17, siku yake ya mwisho kabisa kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa kushoto kwa hiyo huo wa kulia ndo unaobana nyuzi. Akaona muziki ndo basi tena. Meneja wa kiwanda akampelekea santuri ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa aliyeungua mkono akawa anapiga kwa vidole viwili tu, jamaa akapata nguvu, akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole akavivisha ngozi, akafunga nyuzi nyembamba. Baadaye akaanza kuzilegeza nyuzi zisimuumize, sauti ya gitaa ikashuka ikawa nzito, hiyo utaisikia vizuri kwenye Master of Reality ya 1971. Bendi zilizofuata zote zimechota hapo.

Kuhusu shetani mwambie shemeji asikilize War Pigs, inafungua hiyo Paranoid, inawasema wakubwa wanaoanzisha vita wao wamekaa salama wanaokufa ni maskini. Na kwenye Master of Reality kuna After Forever, ngoma ya kumtetea Mungu kabisa, mashairi ya Geezer Butler mpiga besi ambaye kalelewa Mkatoliki. Zipo bendi zinazomwimba shetani sikatai, ila ukimbebesha huyo kila mtu unakuwa umewaonea.

Mpenda_Solo
Mkuu hapo juu kasema vizuri ila mimi simpi mgeni Sabbath kwanza, ile sauti ya kurekodi ya zamani inawachosha wengine. Fundi wewe umesema unasikiliza dansi, maana yake sikio lako tayari linajua kufuata solo na besi, shida yako ni kunguruma. Basi pakua Metallica, Master of Puppets ya 1986, na usianze na wimbo wa kwanza, nenda moja kwa moja kwenye Orion. Haina maneno hata moja, zaidi ya dakika nane ni ala tupu, gitaa zinapokezana kama unavyosubiri sebene ichanganye. Pale katikati wanatulia wote besi ya Cliff Burton inabaki inatembea taratibu, mimi kila nikifika hapo naacha ninachofanya. Huyo kijana alifariki Septemba mwaka huohuo, basi lao lilipinduka Sweden, alikuwa na miaka 24.

Ukimaliza hiyo, Iron Maiden, The Number of the Beast ya 1982. Jina linatisha najua ila Bruce Dickinson ni mwimbaji hasa, anapanda juu mpaka unashangaa, na Steve Harris anapiga besi kwa vidole vitupu inakimbia kama farasi.

Wanjiru_Gizani
Mimi niko Nairobi na naona mnampeleka Ulaya na Marekani tu, wasee hata sisi tuko. Skiza Duma, watu wawili wa hapa, Martin Kanja na Sam Karugu, albamu yao ilitoka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nyinyi mtadhani ni yule mnyama lakini kwa Kikuyu duma ni giza. Nilipoiskiza mara ya kwanza nililia, sikuwa nimewahi kuskia hasira ya hii mtaa ikitoka hivyo.

besi_nne
Dada Wanjiru nakubali Duma ni kitu kikubwa ila kwa mtu aliyekimbia kunguruma juzi? Mle hakuna pa kupumzika. Mpe mwaka kwanza. Kama anataka mdundo unaofanana na ngoma zetu za asili apitie bendi ya Sepultura wa Brazil, Roots ya 1996, walienda kurekodi na Waxavante, kabila la wenyeji wa huko, kijijini kwao na mwanamuziki wa hukohuko Carlinhos Brown kapiga ngoma humo, mdundo wake mtu wa huku anauelewa bila kuambiwa. Huko atazoea na kunguruma kwa mwimbaji wao Max Cavalera pia, maana ile sauti ukiichukulia kama ala nyingine ndani ya bendi inaacha kukusumbua.

Wanjiru_Gizani
Mwaka ni mingi sana. Sawa, Roots kwanza, lakini fundi usisahau Duma.

FundiMageti
Wakuu nimerudi, asanteni sana. Paranoid nimeimaliza jana usiku, ile stori ya vidole nimewasimulia vijana wote pale kazini na leo hakuna aliyeshika mashine ya kukatia bila glavu. Orion nimeiweka mchana tukila, kuna mzee wetu mmoja mpenzi wa dansi kweli kweli, tangu miaka ya sabini, kanyamaza tu na sahani yake, ilipofika pale katikati akauliza nani huyo kwenye besi. Nikamwambia alishafariki 1986. Akasema rudisha. Tumerudisha mara tatu. Ijumaa nikilipwa napakua Roots.