Mtu anakufungia ripoti ya hitilafu ya NFS halafu anakuwekea katabasamu? KATABASAMU?

Mzee wa Maunti (mleta uzi)
Wakuu, habari za asubuhi, yangu mimi imeshaharibika. Mods naomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la vichekesho kama ule wa mwezi jana.

Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Mshika kerneli (kiini cha Linux) wa distro yetu tukufu, hii Linux tunayotumia. Yule aliyemjibu mtu aliyepoteza diski nzima "asante kwa ripoti". Huyo huyo. Leo saa 3:12 asubuhi kafunga ripoti yangu ya miezi saba kwa mstari mmoja: "Imerekebishwa kwenye tawi la majaribio. Nafunga. :)"

Nukta mbili. Bano.

Kwa wageni: NFS ni njia ya mashine nyingi kutumia mafaili ya seva moja kupitia mtandao. Nina seva ya NFS inayobeba /home (mafaili ya watumiaji) za maabara nzima, mashine 40. Seva ikizima ikawaka, kuna zile sekunde 90 ambazo kila mashine inatakiwa ije idai upya kufuli zake za mafaili. Basi mbili tatu zinakwama hapo hapo mpaka kiama. Ukiandika amri ya ls, inaganda. Ukiandika df, inaganda. Lodi (foleni ya kazi) inafika 87 na prosesa imekaa tu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa chakula. Kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu, nimepiga mpaka kidole kimeota sugu, mchakato umelala kwenye hali ya D, usingizi usioamshika, unaniangalia. Logi inasema seva haijibu, bado najaribu. Angalau kerneli inajaribu! Na haicheki!

Na kiraka (marekebisho ya kodi) cha tatizo hili kipo! Mistari mitatu. MITATU! Sheria za kerneli thabiti (stable), zile zinazopokea marekebisho tu, zinaruhusu mpaka 100. Nikaambiwa kwanza kiingie kwenye mti wa Linus Torvalds, kodi kuu ya kerneli. Kikaingia, nikasubiri zile wiki tisa kumi toleo litoke. Aliyekiandika kasahau kuweka lebo ya stable, nikatuma barua mwenyewe. Ikarudi barua ya roboti: kiraka kimekataa kukaa kwenye kerneli thabiti ya 6.1. Nikakishona upya usiku, umeme umekatika, laptop ina asilimia 11. Kikakubaliwa. Kimo kwenye 6.1 ya huko juu kwa watengenezaji wa kerneli SASA HIVI ninavyoandika. Kazi ya yule bwana ilikuwa kukivuta tu kije kwenye distro yetu. Kuvuta! Akaona avute midomo.

Nukta mbili na bano, wakuu. Saa 3:12. Hata chai alikuwa hajanywa.

Kijiti cha Mwisho
Siti ya mbele. Povu ruksa.

binti_kerneli
Mkuu pole, ila tawi la majaribio lina raha gani kwa mtu mwenye mashine 40? Huyo bwana mwaka juzi kanijibu "tumia toleo jipya". Nikatumia toleo jipya. Akanijibu "toleo hilo bado halijaiva".

Ngedere Mweusi
Mleta uzi umefikiria kwamba labda hakutabasamu? Labda alikuwa anafunga bano. Mtu wa lugha ya C hawezi kulala ameacha bano wazi.

Mzee wa Maunti
Na la kufungua liko wapi Ngedere? Liko wapi? Nimesoma ripoti nzima tangu juu nalitafuta.

Ngedere Mweusi
😂😂😂 Kwa hiyo kweli umelitafuta.

Fundi Waya
Maunti (unganisha NFS) kwa soft, seva isipojibu ikate tamaa, yaishe. Mnapenda kujitesa.

binti_kerneli
Fundi Waya, soft ndiyo inayokatisha uandishi wa faili katikati, programu isipoangalia kosa data inaoza kimya kimya na hutajua mpaka siku ya mtihani. Ushauri kama huo kampe adui yako.

Fundi Waya
Haya dada, nimekaa.

Shemeji wa Seva
Mimi namtetea bwana. Mnataka kila kiraka kivutwe mbio mbio, mmesahau Desemba 2023? Kiraka kimoja kikavutwa kwenye kerneli 6.1.64 bila mwenzake aliyetakiwa kutangulia, ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) ikaanza kuharibu data za watu. Distro ya Debian wakaliahirisha toleo lao la 12.3, wakatoa 12.4 moja kwa moja. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mzee wa Maunti
Shemeji, ashtuke basi! Mtu aliyeshtuka anatabasamu?

Kijiti cha Mwisho
Hapo kakupiga bao, Shemeji.

Mama Kadogo
Samahanini, mimi nimeingia kwa neno kiraka nikidhani mnaongelea mafundi cherehani. Kwa kuwa nimeshafika: kuna fundi kanimalizia kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wangu. Kila nikienda, "dada kesho". Gauni nimelipata Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Na mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia.

binti_kerneli
Mama Kadogo 😭 na hela ulishalipa yote?

Mama Kadogo
Yote mwanangu. Nilipomfokea akacheka.

Ngedere Mweusi
Alicheka kwa mdomo au kwa nukta mbili na bano?

Fundi Waya
Wa kwangu alinipunguzia suruali mguu mmoja, mwingine akasema nirudi wiki ijayo. Nikaendea kazini hivyo hivyo, nasimama nyuma ya meza siku nzima.

Shemeji wa Seva
Mafundi wote ukienda utamkuta na kitambaa cha mtu mwingine mapajani. Cha kwako kipo kwenye mfuko, hakijakatwa.

Kijiti cha Mwisho
Mimi mpaka leo fundi ana shati langu la Idi. Idi ya mwaka juzi.

Mzee wa Maunti
Jamani turudi kwenye mada. Nimefungua tena ripoti, tusubiri.

Mzee wa Maunti
Kaifunga.

Mzee wa Maunti
Mama Kadogo, huyo fundi wa mikono ni yule wa Kariakoo mwenye redio kubwa mlangoni? Maana ana koti langu.