AutoCAD: ramani moja, skeli mbili, maandishi yakae vipi?

ramani_moro

Habari za jioni wakuu. Nachora nyumba ya ghorofa hapa Morogoro kwa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, vipimo vyote kwa milimita. Karatasi ni A2. Plani itakaa kwa 1:100, halafu pembeni nataka ngazi peke yake kwa 1:20 ili fundi aone kimo cha kila kipandio na nondo zinavyopita. Zote mbili zinatoka kwenye mchoro uleule, kila moja na dirisha lake kwenye karatasi.

Maelezo nikiyaandika kwa urefu wa 250 yanasomeka vizuri kwenye plani, ila kwenye dirisha la ngazi yanavimba hadi yanafunika nondo zenyewe. Kunakili ngazi nikaichora pembeni sitaki, mteja bado anabadilisha mambo na kila badiliko ningelifanya sehemu mbili. Mnafanyaje? Natanguliza shukrani.

MzeeWaRula

Kijana wangu, hiyo 250 ni milimita 2.5 za karatasi mara 100. Dirisha la 1:20 linaigawa kwa 20 tu, kwa hiyo unapata herufi za milimita 12.5. Pale ungehitaji 50. Huwezi kushinda mchezo huo kwa kubahatisha urefu, badilisha unakoanzia: urefu wa herufi ni jambo la karatasi, si la nyumba.

Sisi tulioanza kwenye meza na kalamu za wino tulikuwa na vibao vya herufi vya 2.5, 3.5 na 5, kila kibao na kalamu yake: 0.25, 0.35, 0.5. Uwe unachora choo au kiwanja kizima, kibao ni kilekile. ISO 3098, kiwango cha kimataifa cha herufi za michoro, inatumia namba hizo mpaka leo.

Kwenye AutoCAD hiyo kazi inafanywa na Annotative, yaani maandishi yanayojirekebisha kufuata skeli ya dirisha, ipo tangu toleo la 2008. Fungua STYLE, tengeneza mtindo mpya, weka tiki kwenye Annotative, na pale pa urefu wa karatasi andika 2.5. Kabla ya kuandika, chagua 1:100 kwenye skeli ya maandishi iliyo chini kulia, kisha andika kwa MTEXT kama kawaida. Maandishi yanayotakiwa yaonekane na kwenye ngazi, yachague, ita OBJECTSCALE, ongeza 1:20. Maandishi ni yaleyale, ila kila dirisha litayaonyesha kwa milimita 2.5. Mishale ya maelezo nayo hivyohivyo: MLEADER ina mtindo wake, uupe tiki ileile.

Sasa nisikilize kwa hili, maana ndilo linaloumiza watu saiti. Karatasi yako ni A2, lakini fundi atapewa nini? Mara nyingi atapewa kopi ya A3 iliyotolewa steshenari. A2 ikishuka kuwa A3, 2.5 inakuwa karibu 1.8. Ikitolewa kopi ya kopi, ikakunjwa mfukoni, ikapata vumbi la saruji, "ringi R8 kila 200" (nondo laini ya milimita 8, kila milimita 200) inasomwa R6. Nondo ikishafunikwa na zege hakuna wa kuiona tena. Maelezo ya nondo yape 3.5 kabisa, yakishuka A3 yatabaki 2.5. Nafasi ikibana, punguza maneno, usipunguze herufi.

dada_injinia

Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe, ila si kila kitu kiwe Annotative. Maelezo ya jumla, kama daraja la zege, unene wa zege linalofunika nondo, aina ya tofali, hayajafungwa na sehemu yoyote ya mchoro. Hayo nayaandika moja kwa moja kwenye Layout, ule ukurasa wa karatasi ya kuprinti, kwa 3.5, bila hesabu yoyote. Annotative nayaachia yale yanayoshika kitu: jina la chumba, mshale wa nondo, kimo cha kipandio.

Ramani_moro, angalia pia ANNOAUTOSCALE. Ikiwa imewashwa, kila ukibadilisha skeli inaongeza skeli hiyo kwa maandishi yote ya Annotative, na faili linajaa vitu hukuviomba. Mimi naizima. Na neno likiangukia juu ya mistari ya zege, bofya kulia ndani ya MTEXT, chagua Background Mask. Mistari inajificha nyuma ya maandishi.

MzeeWaRula

Marahaba binti. Hilo la maelezo ya jumla ni sahihi.

ramani_moro

Asanteni sana, ngazi imekaa sawa. Limebaki moja: maelezo ya nondo za ngazi yanajitokeza na kwenye plani, yamerundikana juu ya vipandio. Kule siyahitaji.

dada_injinia

Yachague hayo tu, ita OBJECTSCALE, futa 1:100 ibaki 1:20 peke yake. Ukiwa kwenye Layout hakikisha ANNOALLVISIBLE ni 0, ili kila dirisha lionyeshe maandishi yenye skeli yake tu. Dirisha la 1:100 halitayaonyesha tena.

Halafu kabla hujanitumia mimi au injinia yeyote, tumia ETRANSMIT ili fonti ziende pamoja na faili. Fonti ya SHX, aina ya fonti za AutoCAD yenyewe, isipokuwepo kwenye kompyuta yangu, AutoCAD inaweka nyingine badala yake, upana wa herufi unabadilika na mistari uliyoipanga vizuri inapandana.

ramani_moro

Imekubali, plani imebaki safi. Kesho asubuhi naprinti A3 kwanza niisome mwenyewe, halafu ndiyo A2.