Mjadala: Chuo kidogo kinaposhinda michezoni, fedha ziende wapi kwanza?

Mwanzisha mada (Malimbe, Mwanza)

Ndugu wasomaji, naomba tujadili jambo ambalo hapa Mwanza huzungumzwa kila timu ya chuo inaporudi na kombe, kisha husahaulika kabla vumbi la basi halijatua. Je, ni halali kwa chuo kidogo, kinachoendeshwa kwa ada za wanafunzi, kutumia sehemu ya ada hizo kwa timu za michezo? Na kama ni halali, fedha hizo zianzie wapi? Nimefundisha michezo kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza sekondari na baadaye chuoni, na msimamo wangu nautanguliza: fedha zitolewe, lakini zianze kwa kumwajiri kocha wa kudumu, kabla ya jezi, kabla ya basi, na kabla ya kumsomesha bure mchezaji aliyekwisha kuivishwa kwingine.

Naanza na mfano wa mbali, kwa sababu ndio unaotajwa sana na wanaotaka vyuo vyetu viige Marekani. Adams State ni chuo kidogo kilichoko Alamosa, jimbo la Colorado, mji wa watu wapatao 10,000 katika bonde la wakulima wa viazi, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,300. Katika mbio za nyika kila timu hujumlisha nafasi walizoshika wakimbiaji wake watano wa kwanza, na yenye jumla ndogo ndiyo mshindi, hivyo jumla iliyo bora kuliko zote ni 15, yaani moja, mbili, tatu, nne na tano. Mwaka 1992, kwenye fainali ya taifa ya vyuo vya daraja la pili, wanaume wa Adams State walipata hiyo 15. Watano wa chuo kimoja walimaliza kabla ya mtu mwingine yeyote kuuona utepe.

Wenzetu wanaposimulia habari hiyo husema, "Tazama, udhamini wa masomo unalipa." Mimi nauona mkazo huo umewekwa mahali pasipo pake. Katika daraja hilo chuo hakiruhusiwi kutoa kwa wanaume wa riadha na mbio za nyika udhamini unaozidi thamani ya udhamini kamili wa wanafunzi 12.6, na kwa kawaida kiasi hicho hugawanywa vipande vipande kwa kikosi kizima, huyu akipata nusu ya ada na yule robo. Kilichokuwepo Alamosa, na ambacho vyuo vingi vilikikosa, ni kocha Joe Vigil, msomi mwenye shahada ya uzamivu katika fiziolojia ya mazoezi, aliyekaa pale karibu miongo mitatu. Aliyemrithi, Damon Martin, alikuwa amekimbia chini yake akiwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, na mataji yaliendelea kuja, ya wanaume na ya wanawake. Wapo watakaosema siri ni mwinuko. Sikatai kwamba mwinuko unasaidia, na ndiyo maana Wamarekani walifanyia Alamosa mchujo wao wa marathoni wa mwaka 1968 kabla ya Olimpiki ya Mexico, ile ambayo mzee wetu John Stephen Akhwari aliimaliza akiwa amefungwa bandeji mguuni. Lakini mwinuko hauandiki ratiba ya mazoezi, wala haujui ni siku gani kijana apumzishwe.

Upande wa pili nautazama Saint Peter's, chuo cha Kikatoliki cha New Jersey chenye wanafunzi wapatao 3,000. Mwezi Machi 2022 timu yake ya mpira wa kikapu, iliyopangwa ya 15 kati ya timu 16 za kanda yake, iliwatoa Kentucky, Murray State na Purdue, ikawa timu ya kwanza ya nafasi hiyo kufika nane bora. Siku chache baadaye kocha Shaheen Holloway alihamia Seton Hall, chuo kikubwa zaidi alikosoma mwenyewe, na wachezaji kadhaa waliobeba mafanikio yale wakahama pia. Mwaka uliofuata Fairleigh Dickinson, chuo kingine cha jimbo hilohilo, kiliiondoa Purdue kikiwa cha nafasi ya 16, na kocha wake Tobin Anderson hakumaliza hata wiki moja kabla ya kutangazwa kwingine. Kwa chuo kidogo, ushindi ni tangazo la kuwaita wakubwa waje kuchukua.

Sasa turudi nyumbani. Katika vyuo vingi ninavyovifahamu huku Kanda ya Ziwa, anayeitwa kocha ni mtumishi wa idara nyingine aliyeombwa kusaidia, au mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyewahi kufika UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za sekondari. Mazoezi huanza wiki tatu kabla ya mashindano. Kikosi kinapoonekana dhaifu, hutafutwa mamluki, kijana wa timu ya mtaani anayepewa kitambulisho ambacho si chake. Na kombe likipatikana kwa njia hiyo, chuo kimejifunza nini?

Nitasimulia nililoliona mwenyewe, bila kutaja chuo. Tulikuwa na kiwanja chenye mzunguko uliochorwa kwa chokaa kuzunguka uwanja wa soka, na kila mtu alijua kwamba ni mita 400, kwa kuwa kila mtu aliambiwa hivyo na aliyemtangulia. Binti mmoja wa mwaka wa pili, mwenye pafu la kweli, alikuwa akimaliza mizunguko kumi na miwili na nusu kwa dakika 17 na sekunde 50, nasi tukampeleka mashindanoni tukiwa na uhakika wa medali. Alitoka wa saba. Alikuja akakaa karibu nami, viatu mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, uwanja huu ni mrefu?" Tuliporudi nikaazima futi ya kamba ya mita 50 kwa mpima ardhi, tukapima alfajiri kabla jua halijapanda juu ya mawe. Mzunguko wetu ulikuwa mita 382. Katika kila mita 5,000 tulizodhani amekimbia, mita 225 hakuwahi kuzikimbia, na hizo kwa mwendo wake ni zaidi ya sekunde 45. Miaka mingi wanafunzi walikuwa wamejipima kwa uongo ule, kwa sababu kazi ya kupima haikuwa ya mtu yeyote.

Hilo ndilo ninalomaanisha ninaposema kocha wa kudumu. Naomba michango yenu, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza, mzazi na mhasibu (Sengerema)

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma hadi mwisho na habari ya huyo binti imenigusa, lakini napinga, na napinga kama mtu anayelipa ada.

Mwanangu yuko chuoni hapo Mwanza. Wanalala wanne katika chumba cha wawili, wanabebana kitandani, na bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa wanashindia uji na karanga. Maktaba hujaa saa mbili asubuhi. Mimi nauza mpunga ili ada itimie, na nikiona kwenye fomu ya malipo mstari ulioandikwa "michezo", nina haki ya kuuliza ni kitabu gani kimepungua ili mstari huo uwepo. Kocha unayemtaka atalipwa miezi kumi na miwili, pamoja na michango ya hifadhi ya jamii na likizo, ili timu ishindane wiki mbili. Na hao wa Marekani unaowataja wanalipwa na televisheni. Sisi tutalipwa na nani?

Tena wanariadha wetu wakubwa hawakutengenezwa na vyuo. Alphonce Simbu, aliyetuletea Septemba 2025 huko Tokyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, ni mwanajeshi wa JWTZ. Jeshi linampa mkimbiaji mshahara na muda. Waachieni wenye uwezo, vyuo vifundishe.

Mwanzisha mada

Marahaba, mama, na nashukuru kwa kusema wazi. Hayo ya kubebana nimeyaona, na kama chuo kinachagua kati ya kitanda na kocha, kinunue kitanda. Hapo sitabishana nawe.

Lakini kwa sehemu kubwa chuo hakichagui kati ya hivyo viwili. Ile fedha ya michezo unayoilipa tayari inatumika. Inakodi basi, inalipa posho za viongozi wanaofuatana na timu, inanunua jezi mpya kwa kuwa za mwaka jana zimegawanywa na waliohitimu, na yote hayo yanakwisha ndani ya hizo wiki mbili. Ninachoomba ni mgawanyo mwingine wa fedha ileile: mashindano machache zaidi, posho chache zaidi, na mtu mmoja kwenye orodha ya mishahara. Mtu huyo anaweza kufundisha somo la elimu ya michezo asubuhi, akawa mlezi wa bweni, na saa kumi jioni akawa kiwanjani na kikosi. Mwanao asiyeingia timu yoyote naye atapata wa kumwelekeza goti linapomuuma.

Kuhusu televisheni, umesema kweli kwa vyuo vikubwa tu. Mapato makubwa ya chama cha michezo cha vyuo vya Marekani hutoka kwenye mashindano ya kikapu ya daraja la kwanza, na daraja lote la pili, ambamo Adams State imo, hutengewa asilimia 4.37 ya mapato hayo, nayo huhudumia vyuo takribani mia tatu. Alamosa haikutajirishwa na kamera.

Na kuhusu jeshi, namheshimu Simbu kwa moyo wote, na JWTZ inastahili sifa kwa kumlea. Hata hivyo nchi yetu ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow 1980. Moja ni ya Filbert Bayi katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ya pili, ya mita 5,000, ni ya Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, mkoani Mara, wa ziwa hilihili tunaloteka maji. Wakati anaipata alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, na baadaye akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Mvuvi wa Majita anaweza kumwonesha mtoto wake njia aliyopita Nyambui kwenda shule. Nauliza kwa uchungu: kwa nini ilibidi avuke bahari ili apate chuo chenye kocha?

Mchangiaji wa pili, mhitimu (Nyakato)

Mwalimu, nakuunga mkono kwa sehemu, ila mfano wako wa Saint Peter's haujakamilika. Kocha yule aliondoka, ndiyo, lakini mwaka 2024 chuo hicho kilishinda tena mashindano ya ligi yake na kurudi kwenye mashindano ya taifa chini ya kocha mwingine, Bashir Mason. Kwa hiyo kumtegemea mtu mmoja akae miaka thelathini si lazima. Nadhani hata kukuza mtu mmoja kiasi hicho ni hatari, kwa sababu siku akifa au akikasirika, timu inakufa naye. Nimeiona hali hiyo kwenye timu ya mpira wa wavu niliyoichezea.

Mwanzisha mada

Umenisahihisha vizuri, na naipokea. Nilimsifu Vigil hadi nikakaribia kusema kwamba chuo kinahitaji kumpata mtu wa ajabu. Mfano wako unaonesha jambo lililo rahisi zaidi kwa vyuo vyetu: Holloway alipoondoka, kiti chake kilibaki. Kulikuwa na ajira iliyoandikwa, yenye mshahara, ikatangazwa, akaja mwingine. Kwetu mwalimu wa kujitolea akihama hakuna kinachotangazwa, kwa kuwa hakukuwa na nafasi ya kuachwa wazi. Huondoka na daftari lake la muda wa wakimbiaji na saa yake ya kupimia, na anayefuata huanza kwa kuambiwa kwamba kiwanja ni mita 400.

Basi narekebisha hoja yangu. Nafasi ya kocha iingizwe kwenye muundo wa ajira wa chuo, na kumbukumbu za mazoezi ziwe mali ya chuo. Ama udhamini wa masomo, uanze baada ya hapo, kwa wanafunzi waliokwisha kukidhi sifa za kujiunga zilizowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), bila kumpunguzia mtu alama kwa sababu ya miguu yake. Mwanariadha aliyeingizwa darasani asikoweza kusoma ataacha chuo mwaka wa kwanza, na mzazi wa Sengerema atakuwa na haki ya kutulaumu.

Mchangiaji wa tatu, mwanafunzi (Nyegezi)

Shikamoo, Mwalimu. Sisi hatuna kocha na sidhani tutampata mwaka huu. Kiwanja chetu ni cha chokaa kama hicho ulichokisema. Tunaweza kukipima wenyewe?

Mwanzisha mada

Marahaba, mwanangu. Mnaweza, na watu wanne wanatosha. Mzunguko wa kawaida una pande mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila mmoja, na nusu duara mbili ambazo njia ya mkimbiaji iko mita 36.80 kutoka kitovu. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 unakaa ndani yake bila shida. Pigeni kigingi kwenye kila kitovu, fungeni waya au kamba isiyovutika, maana ya nailoni itawadanganya, kisha mmoja azunguke nayo huku mwingine akimwaga chokaa nyuma yake. Angalieni jambo moja ambalo wengi hulikosea: umbali haupimwi juu ya mstari wenyewe. Kama ukingo wa ndani umeinuliwa kwa matofali au mbao, njia hupimwa sentimita 30 nje yake. Kama ni mstari wa chokaa tu, ni sentimita 20. Kwenu, basi, mstari wa kona uwe mita 36.60 kutoka kigingi. Jumamosi nitakuwa Nyegezi tangu saa kumi na mbili asubuhi, na futi ya kamba nitakuja nayo.