Stesheni ya seti ya kizamani: niijenge ilivyo, niikate, au nianze upya na plaiwudi?

Mwanareli_Shangani (Mtwara)
Wadau, habari za jioni. Shemeji yangu karudi kutoka Ujerumani na zawadi: seti ya Faller (kampuni ya Kijerumani ya majengo ya modeli ya reli) ya kujiungia stesheni ndogo ya kijijini, skeli ya 1:87, yaani milimita moja ni milimita 87 za kweli, plastiki, paa kali la vigae, kuta zenye mbao za kupishana. Nzuri kweli, ila si ya kwetu na si ya leo.

Ninachotaka ni stesheni ya Mtwara kama ambavyo ingekuwa sasa endapo ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, ya Mtwara hadi Nachingwea, isingefungwa mwaka 1962. Jengo la zamani bado limesimama, lakini treni ya umeme inaingia, abiria wana kivuli, kuna vioo na taa. Babu yangu alikuwa kibarua wa njia ile ya Nachingwea, nataka kumbukumbu yake ikae sebuleni.

Nikiijenga kama maelekezo yanavyosema na kubadilisha rangi tu, ni kazi ya wikiendi mbili. Nikiikata na kuiunga na sehemu mpya, naogopa kuiharibu, maana kupata nyingine ni mpaka shemeji asafiri tena. Au niiweke kando, nianze na plaiwudi. Hasa nawaomba waliowahi kukata seti waseme.

Mzee_Randa (Lindi)
Mwanangu, anza na plaiwudi. Ya milimita 3 kwenye skeli yako ni ukuta wa sentimita 26, karibu na unene wa nyumba za zamani unazoziona Mikindani. Plastiki ya seti ni nyembamba. Ukichungulia dirishani unaona ukuta kama karatasi. Changanya chokaa na gundi nyeupe, paka mara mbili, utapata ukuta wenye mikwaruzo ya kweli. Ukikosea, unakata mwingine. Mpingo usiuguse kwa kazi hii, utakula misumeno yako bure.

DadaMchoraji (Mtwara)
Shikamoo mzee Randa. Kuhusu kuta nakubaliana nawe, kwa madirisha hapana. Fremu ya dirisha ya sentimita 5 inakuwa milimita 0.6 kwenye skeli hii. Nani atalikata hilo kwenye plaiwudi, mara 14, yote yalingane? Mali iliyomo ndani ya seti ni milango na madirisha. Ukiiweka kando umetupa kitu pekee ambacho mikono yetu haikiwezi.

Mwanareli, tatizo lako ni paa. Lile ni la kumwaga theluji. Huku paa linahitaji kuzuia jua na mvua ya upepo, kwa hiyo lishushe na ulitoe nje ya ukuta. Tuseme jengo lina upana wa milimita 90 na paa lina mwinuko wa nyuzi 45: kilele kiko milimita 45 juu ya ukuta. Shusha mpaka nyuzi 20, kinabaki kama milimita 16. Unakata pembetatu mbili za ukuta wa pembeni, basi. Ondoa bomba la moshi, toa paa nje milimita 17, ambazo ni kama mita moja na nusu ya kivuli. Hapo tu, hata kabla ya rangi, jengo limeshahamia pwani.

Mabati usiyatoe kwenye boksi la katoni, nilifanya hivyo nikajuta. Mawimbi ya katoni yanaachana milimita 6 au 7, yaani nusu mita kwa jengo la kweli. Chukua bolti ndefu ya spana namba 8, ambayo hesi zake zinaachana milimita 0.8. Laza kipande cha foili ya jikoni juu yake, kandamiza kwa kucha, sogeza, kandamiza tena. Mawimbi yanatoka ya sentimita 7, karibu sawa na bati halisi. Kata vipande vya urefu wa bati, vipandishe kimoja juu ya kingine kama fundi anavyoezeka.

Kijana_wa_Nachingwea
Kabla ya paa, amua reli. Ile ya zamani ilikuwa na geji, yaani nafasi kati ya reli mbili, ya mita moja, kwa 1:87 inahitaji njia ya milimita 12, ambayo ni adimu. Njia ya kawaida ya milimita 16.5 ni ya SGR, geji ya milimita 1435, kama hii ya Dar hadi Dodoma iliyoanza kubeba abiria 2024. Kwa wazo lako la treni ya umeme, ya 16.5 ndiyo sahihi, na mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay nao ni wa geji hiyo. Weka na nguzo za nyaya za volti 25,000. Waya ukiwa milimita 63 juu ya reli hautaonekana wa kubuni.

Korosho77
Supaglu mbali na vioo. Kwa unyevu wa huku mvuke wake unaganda kuwa ukungu mweupe na hautoki. Vioo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa angavu. Taa ziwe za LED, balbu za zamani zinalainisha plastiki.

Mwanareli_Shangani (Mtwara)
Ahsanteni sana. Nimeamua kukata. Jana usiku nimeshusha pembetatu ya kwanza: nilichora mstari kwa kisu mara kumi na mbili bila kukandamiza, kisha nikaukunja ukavunjika wenyewe, safi. Mbao za kupishana nimezisugua kwa msasa na kuzipaka chokaa ya mzee. Zinaonekana kwa mbali kama kivuli chini ya chokaa, nimezipenda hivyo na nitaziacha. Kivuli kipya cha jukwaani nakijenga kwa njiti za mwavuli uliovunjika. Moja ina unene wa milimita 3, inakuwa nguzo nzito ya chuma.

Mzee Randa, jukwaa litakuwa la plaiwudi yako. Rafu ya kuwekea modeli ni mita 1.8, kama mita 157 za kweli. Nikatie vipande viwili vya sentimita 90 kwa 12, nitavifuata Jumamosi kwa basi la asubuhi.