Fleti imebakiza miaka 80 na miezi kadhaa: niombe nyongeza sasa au nisubiri sheria mpya?

Mkaazi wa Lewisham (Agosti 2025)

Wanajukwaa, hamjambo. Ninamiliki fleti ya vyumba viwili huku Lewisham, London, kwa mkataba wa pango wa miaka 99 ulioanza Machi 2007, kwa hiyo sasa umebakiza miaka 80 na miezi saba. Pango la ardhi ni pauni 250 kwa mwaka na halipandi. Kampuni inayomiliki ardhi imeniandikia kwamba iko tayari kunirefushia muda hadi utimie miaka 125 kuanzia leo, kwa pauni 7,500, kwa makubaliano yetu wenyewe bila notisi ya kisheria, mradi niendelee kulipa pango la ardhi kwa miaka yote iliyobaki katika mkataba wa sasa. Jirani yangu, kwa upande wake, ananiambia nisifanye lolote, kwa kuwa Bunge lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kutoa nyongeza ya miaka 990. Nimekulia Nairobi, ambako hati ya miaka 99 huombewa nyongeza serikalini, kwa hiyo kujadiliana bei na kampuni binafsi ni jambo geni kwangu. Fleti ikiwa na muda mrefu inakadiriwa kufikia pauni 320,000. Naomba ushauri.

Baba Salma

Ndugu yangu, jirani yako hajakosea. Sheria ya 2024 ikianza kutumika kikamilifu, itafuta ile nyongeza ya bei inayotozwa muda unaposhuka chini ya miaka 80, na kwa kawaida hutalazimika tena kulipia gharama za wakili na mthamini wa upande wa pili. Tayari kipengele kimoja kimeanza: tangu tarehe 31 Januari 2025 mtu halazimiki kumiliki fleti kwa miaka miwili kabla ya kudai haki ya kurefushiwa mkataba. Kama huna nia ya kuuza wala kubadilisha mkopo wa nyumba hivi karibuni, sioni kwa nini ukimbilie kulipa.

Mthamini wa zamani

Baba Salma, uliyoyasema kuhusu sheria yenyewe ni sahihi, lakini ushauri wa kusubiri unamfaa mtu aliyebakiwa na miaka 110, wala haumfai aliyebakiwa na 80 na miezi saba. Vipengele vya bei bado havijaanza kutumika, na viwango vya kukokotolea havijatangazwa na waziri. Machi 2026, mkataba wa huyu ndugu utakaposhuka chini ya miaka 80, itafika kwa hakika. Tarehe ya sheria hiyo kuanza haina uhakika huo.

Ndugu wa Lewisham, tazama hesabu. Kwa sheria ya 1993, ambayo ndiyo inayotumika leo, unaongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na pango la ardhi linafutwa mara mkataba mpya unapoanza. Mwenye ardhi hulipwa kwa mambo mawili. La kwanza ni pango analolipoteza: pauni 250 kila mwaka kwa miaka 80 na ushei, ukizipunguza kwa asilimia 6 kwa kila mwaka wa kusubiri, zina thamani ya leo ya pauni 4,100 hivi. La pili ni kucheleweshewa fleti ambayo ingemrudia mwaka 2106: kwa kiwango cha asilimia 5, ambacho mabaraza yanayoamua migogoro ya bei hizi yamekuwa yakikitumia kwa fleti tangu kesi ya Sportelli ya mwaka 2006, pauni 320,000 za wakati huo ni kama pauni 6,200 za leo. Jumla inakaribia pauni 10,300.

Sasa rudi kwenye barua yao. Wanataka pauni 7,500 na wanabaki na pango lenye thamani ya 4,100, maana yake unatoa 11,600 ili upate miaka 44, huku kwa 10,300 ungepata 90. Ni kweli kwamba kwa njia ya kisheria utabeba pia gharama za kuridhisha za wakili na mthamini wao, lakini hata katika makubaliano ya hiari kampuni nyingi hudai gharama hizo hizo.

Ukishuka chini ya 80, mwenye ardhi anapata pia nusu ya ongezeko la thamani linalotokana na mkataba kurefushwa. Tuseme fleti kwa muda wake mfupi ina thamani ya pauni 300,000. Nusu hiyo itakuwa kama pauni 4,800 juu ya bei niliyoitaja. Kinachosimamisha saa ni siku unapotoa notisi ya kifungu cha 42 cha sheria hiyo ya 1993, yaani barua rasmi ya kudai nyongeza, kwa sababu bei hukokotolewa kwa tarehe hiyo. Mazungumzo ya hiari hayasimamishi chochote, na barua za aina hii zina desturi ya kuja muda unapokaribia 80, jambo ambalo sidhani ni sadfa.

Mkaazi wa Lewisham

Ahsante sana, mzee wangu. Je, katika notisi ninaweza kutaja bei ndogo ili nipate nafasi ya kujadiliana? Na nimpelekee nani, ilhali wakala ndiye anayenitumia ankara?

Wakili wa Reading

Bei iwe ya chini lakini yenye msingi, kwa maana mahakama zimewahi kubatilisha notisi zilizotaja kiasi kisicho cha kweli. Mpe mwenye ardhi angalau miezi miwili ya kujibu. Asipojibu kwa wakati, unaweza kuiomba mahakama ikupe mkataba kwa masharti uliyoyapendekeza mwenyewe. Akijibu na msipoelewana, peleka shauri barazani ndani ya miezi sita tangu notisi yake ya majibu, la sivyo notisi yako inahesabiwa kuwa umeiondoa, na utaanza upya ukiwa tayari chini ya 80. Tayarisha pia amana, kwa kuwa anaweza kudai asilimia 10 ya bei uliyoitaja.

Kuhusu wa kupelekewa, usitegemee jina lililo kwenye ankara. Chukua nakala ya rejesta kutoka Ofisi ya Usajili wa Ardhi, ya fleti na ya ardhi yenyewe, uone kama kati yako na mwenye ardhi kuna kampuni nyingine yenye mkataba wake wa pango. Ikiwa muda wa mkataba wa kampuni hiyo hautoshi kukupa miaka 90 zaidi, notisi inamhusu aliye juu yake, na nakala unampa huyo wa kati. Mkopeshaji wako naye umwarifu mapema, ili dhamana yake iandikishwe kwenye mkataba mpya.