Nyumba ya urithi Kinyerezi, hati ina jina la marehemu: nilipe Ijumaa au nisubiri?

Fundi_Saa:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijafanya ujinga.

Nimepata nyumba Kinyerezi, vyumba vitatu, ukuta umezungushwa, maji yapo. Walianza na milioni 92, tumevutana mpaka 85. Hela ninayo: akiba ya miaka tisa na mkopo kidogo wa SACCOS. Mke wangu kazunguka nyumba kumi na kitu akizikataa zote, hii tu ndiyo kaipenda, kisa mwembe wa uani.

Hati ipo, ya miaka 99, nimeishika kwa mkono wangu. Shida ni jina lililomo: ni la mzee aliyefariki 2019. Anayeuza ni mwanawe wa kwanza. Ana muhtasari wa kikao cha familia wenye saini saba na muhuri wa serikali ya mtaa. Mjane yupo hai, anaishi Same, na naambiwa "mama hana neno".

Dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi na pesa taslimu, kwa hiyo nilipe nusu Ijumaa, tuandikishane ofisi ya mtaa, mwenyekiti achukue asilimia kumi yake, halafu jina "tutabadili taratibu".

Muhtasari unatosha? Hiyo asilimia kumi ipo kisheria? Na wakili atanifanyia nini ambacho mwenyekiti hawezi?

Nawasilisha.

Kobe wa Tabata:
Mteja wa Jumamosi namfahamu. Alikuja na pesa taslimu hizo hizo 2011 nilipokuwa nanunua kwangu. Hajawahi kununua mpaka leo.

Wakili Msomi Kiasi:
Mleta mada, shika breki.

Muhtasari wa kikao hauuzi nyumba. Kazi yake ni kumpendekeza mtu, ili aende mahakamani akaombe usimamizi wa mirathi. Huko tangazo hutolewa, mwenye pingamizi anajitokeza, ndipo mtu anateuliwa. Wengi hupitia Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi hupewa Fomu Na. IV. Akishaipata anaipeleka kwa Msajili wa Hati, anaandikishwa kwenye ile hati kama msimamizi, na kuanzia hapo ana mkono wa kusaini mauzo. Kabla ya hapo huyo kijana ni mtoto wa marehemu tu, kama wadogo zake.

Na mjane si mtu wa "hana neno". Kwa kawaida ni mrithi, na huenda sehemu ya nyumba hiyo ni jasho lake mwenyewe. Hata mzee angekuwa hai na ndiye anayeuza, ningekudai idhini ya mkewe kwa maandishi, kwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Sembuse sasa.

Asilimia kumi: hakuna sheria ya ardhi inayompa mwenyekiti fungu kwenye bei ya nyumba. Anaweza kuwa shahidi kwamba anawafahamu. Kuhamisha umiliki wa kiwanja chenye hati si kazi yake.

Wakili anaanza na upekuzi kwa Msajili: hati ni ya kweli? Kuna rehani ya benki? Kuna zuio la kuuza limewekwa na ndugu? Halafu mkataba wa maandishi, uthamini, na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35. Ile 35 ndiyo ya uhamisho wenyewe. Deni la kodi ya pango la ardhi lilipwe kwanza, msije mkagundua mko dirishani. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida, au, tangu 2023, asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa, iliyo kubwa, kama hana kumbukumbu za gharama. Nyumba ya mzee, nani ana risiti za saruji? Kwa milioni 85 hiyo ni 2,550,000. Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1, na kwa kawaida unamwangukia mnunuzi, yaani wewe. Nani analipa nini iandikwe kwenye mkataba. Mdomo usahaulike.

Mama Wawili:
Kaka, mimi nilinunua Mbezi 2014 kwa muhtasari kama huo huo. Saini tisa! Nikahamia, nikapiga tailizi, nikajenga na kibanda cha kuku. 2020 akaja binti mmoja kutoka Tabora, mtoto wa marehemu kwa mama mwingine, hakuitwa kikaoni wala hakujua kama kuna kikao. Tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilidhani miaka sita ni mingi, nikaambiwa muda wa kudai ardhi ni miaka kumi na miwili.

Tukapatana nje, nikamwongeza milioni 18. Wale walioniuzia? Mmoja yuko Msumbiji, mwingine hapokei simu. Kilichoniuma zaidi ya hela ni kuitwa mvamizi mbele ya wanangu.

Tafuta namba ya huyo mama wa Same. Mpigie mwenyewe, usipewe simu ikiwa tayari "hewani".

Dalali Mwaminifu (wapo):
Msitutukane wote jamani. Mimi nyumba ya mirathi bila Fomu IV siitembezi, maana likiharibika mnunuzi anaanza na dalali.

Kama unaitaka kweli, usiikimbie, ipange. Mkataba usainiwe na msimamizi akishateuliwa. Hela ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, itoke vipande vipande kadiri hatua zinavyokamilika, na kipande kikubwa kisubiri uhamisho. Muuzaji mwenye haraka ya nusu Ijumaa muulize haraka ya nini, mzee amefariki tangu 2019.

Mpima Mstaafu:
Wote mmeongelea makaratasi, nyumba yenyewe hamjaikanyaga. Chukua ramani ya upimaji na mpima aliyesajiliwa, mkatafute bikoni, vile vigingi vya mipaka. Nimeona ukuta wa mtu umekula mita nne za jirani, na hati yake ni safi kabisa. Pia Kinyerezi ina mabonde yanayoteremkia Msimbazi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mto. Nenda siku ya mvua. Huo mwembe wenu uko upande gani wa bonde?

Fundi_Saa:
Mwembe uko juu, mzee wangu, nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Wakuu, mrejesho. Nilimwomba kijana namba ya mama yake, akasema mama ana presha, asisumbuliwe. Nikarudi kule kama naangalia bomba, nikamwomba mpangaji wa chumba cha nje. Kumbe kila mwezi anamtumia mama kodi yake, na namba anayo.

Nikampigia. Nikamwamkia, nikajitambulisha kuwa ndiye ninayetaka kununua nyumba ya Kinyerezi. Kimya. Halafu: "Mwanangu, nyumba ipi?"

Alijua inapangishwa ili mdogo wa mwisho amalize chuo. Kikao anakikumbuka, walimwambia ni cha kubadilisha jina la mita ya umeme. Hajui kusoma vizuri, akaweka dole gumba.

Mama Wawili:
Nimekaa chini.

Wakili Msomi Kiasi:
Mwambie ajitokeze mahakamani mapema mirathi ikifunguliwa, na aongee na wakili kuhusu kuweka zuio kwa Msajili. Akikosa wa kumsaidia, kuna mashirika ya msaada wa kisheria, aulize ofisi ya ustawi wa jamii hapo wilayani. Wewe usilipe hata mia.

Fundi_Saa:
Nimemwambia. Anakuja Dar mwezi ujao na kaka yake. Kasema hakatai kuuza, ila auze yeye na wanawe wote wakiwa wamekaa mezani, na mimi nisubiri nikitaka. Nasubiri.

Jumamosi ilipita. Leo asubuhi dalali kanipigia, yule mteja wa pesa taslimu kaahirisha. Bei imeshuka, 78.

Kobe wa Tabata:
Msalimie.