Mauzo na stoo hawapikiki chungu kimoja, nifanye nini siku ya timu?

Mleta mada:
Habari zenu wakuu. Bosi kanitupia mzigo wa kuandaa siku ya kuwaweka wafanyakazi karibu. Tupo kama 25, na shida kubwa ni mauzo na stoo, mauzo wanawaahidi wateja vitu ambavyo stoo havipo halafu lawama zinaenda stoo, imefika hatua watu waliokaa mita kumi tu wanaandikiana imeili na bosi wanamuweka humo humo ashuhudie. Mwaka jana tulivuta kamba, idara kwa idara, stoo wakashinda, na mpaka leo picha ya ile kamba imebandikwa mlangoni kwao, mauzo wakipita wanasonya. Mwaka huu nilikuwa nawaza mpira, hivyo hivyo idara kwa idara, ila moyo unasita. Mnashaurije?

Mzee wa Kona:
Wape nusu siku wakalale, kesho wote watapendana 😂 Natania, ila kama mtaiweka Jumamosi jua watu watakuja wamenuna tangu getini. Weka siku ya kazi.

Binti Kalamu:
Mpira wa idara kwa idara achana nao kabisa. Mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake walipeleka kambini watoto wa kiume 22 wasiojuana, wakawagawa makundi mawili kisha wakawashindanisha kwa michezo, kuvuta kamba ikiwemo, mshindi anapata zawadi. Mambo yakaharibika, matusi, bendera zikachomwa, usiku wanavamiana vibandani. Wakajaribu kuwakutanisha tu wale pamoja, ndo kwanza wakarushiana chakula. Kilichosaidia ni shida ambayo kundi moja peke yake haliiwezi, mara maji yamekatika kambini, mara lori la chakula limegoma kuwaka (wakubwa ndio walipanga hayo, watoto hawajui), na lile lori wakalivuta wote kwa ile ile kamba waliyoshindania. Na hata hapo haikuwa mara moja, ilichukua siku kadhaa.
Sasa wewe kamba unayo tayari, tafuta lori.

Sina Makuu:
Wale watoto hawakuwa na malengo ya mwezi bana, ila hoja naielewa. Kwetu tulicheza mnara wa tambi, watu wanne wanne, tambi kavu 20, uzi na utepe wa gundi karibu mita moja moja, na peremende moja laini ambayo lazima ikae kileleni, dakika 18 basi. Makundi panga mwenyewe, ukiwaachia wachague watakaa na mashosti zao. Sisi tulibishana weeee nani aongoze, peremende tukaiweka sekunde za mwisho, mnara ukainama taratibu ukalala mezani kama mlevi. Kumbe dada wa mapokezi, ambaye hata jina nilikuwa silijui, alishasema tangu mwanzo tuijaribu ile peremende mapema maana ni nzito kuliko inavyoonekana, nani amsikilize. Siku hizi nikipita mapokezi nasimama kidogo.

Mzee wa Kona:
Hapo nakubali. Ila ile michezo ya kujiangusha kinyumenyume udakwe msiilete, kuna wenye migongo mibovu, kuna wasiopenda kushikwashikwa, na mtu akisema hataki asiulizwe kwa nini mbele ya watu.

Mleta mada:
Asanteni sana, hasa Binti Kalamu, lile lori limenikosesha usingizi jana. Nimelipata! Kila mwaka kuna kuhesabu mali stoo, wale jamaa wanakesha siku mbili peke yao na mauzo hawajawahi hata kuchungulia. Nimemwambia bosi safari hii tuhesabu wote, wawili wawili, mmoja wa mauzo mmoja wa stoo, siku ya kazi, tukimaliza mapema tunakula pamoja halafu kila mtu kwake. Kaguna kidogo, kakubali. Na mauzo wakiona rafu tupu kwa macho yao labda ile tabia ya kuahidi hewa itapungua, sijui. Tambi nitaweka asubuhi kuchangamsha damu.
Yule mwenye picha ya kamba nimempanga na mkuu wa mauzo, rafu za juu kabisa, ngazi moja. Nitaleta mrejesho.

Sina Makuu:
Ngazi ashike nani sasa 😂